Maswali ya Wasomaji: Ubingwa wa Dunia Uliochezwa Juu ya Vumbi la Matofali

Tangu tuandike kwa kifupi juu ya Suzanne Lenglen, Mfaransa aliyetawala tenisi ya wanawake baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, barua nyingi zimeulizia sentensi moja tu: ile iliyosema alitwaa mara nne Ubingwa wa Dunia wa Viwanja Vigumu. Mashindano hayo hayapo tena. Barua zinazofanana tumezijibu kwa pamoja, na zile za ujenzi na utunzaji wa uwanja wa udongo tumeziweka mwishoni.

SWALI: Ndugu mhariri, mashindano hayo yalikuwa yapi na yalianzaje? Nimepekua orodha za Grand Slam, yale mashindano manne makubwa ya tenisi, siyaoni. (Msomaji, Mwanza)

Huyaoni kwa sababu hayamo. Yalichezwa mara saba tu: 1912, 1913, 1914, kisha 1920 hadi 1923. Mara sita yalifanyika Paris, kwenye viwanja vya klabu ya Stade Français huko Faisanderie, Saint-Cloud, nje kidogo ya jiji upande wa magharibi. Mwaka 1922 peke yake yalihamia Brussels, katika klabu ya Royal Léopold.

Ufaransa ilikuwa na ubingwa wake wa taifa tangu 1891, ila ulikuwa wa wanachama wa klabu za Ufaransa. Mjerumani au Mbelgiji asiye na klabu huko, awe hodari namna gani, alibaki mtazamaji. Wimbledon ya Uingereza ilikuwa wazi kwa mataifa yote, lakini ni ya majani. Mtu aliyekulia kwenye udongo wa bara la Ulaya hakuwa na taji kubwa la kupimania ubavu kwenye ardhi anayoijua. Mwaka 1912 Paris ikaliziba pengo hilo.

Tarehe 1 Machi 1913 vyama 12 vya taifa, Afrika Kusini ikiwemo, vilikutana Paris na kuunda shirikisho la kimataifa la tenisi, ambalo leo huitwa ITF. Wazo hilo lilipigiwa debe na Charles Duane Williams, Mmarekani aliyeishi Uswisi. Alikufa katika ajali ya Titanic Aprili 1912, na Henry Wallet wa Ufaransa akaendeleza kazi. Shirikisho likagawa mataji matatu ya dunia: la majani kwa Wimbledon, la viwanja vigumu kwa Paris, na la viwanja vya ndani likawa la kuzunguka nchi hadi nchi. Anthony Wilding wa New Zealand aliyachukua yote matatu mwaka uleule wa 1913, lile la ndani akilitwaa Stockholm. Hakuna mwingine aliyeyakusanya ndani ya mwaka mmoja.

SWALI: Kama ni udongo, mbona viliitwa vigumu?

Waingereza wa siku zile waligawa viwanja vya nje mafungu mawili: majani, na kila kisicho majani. Udongo ukaangukia fungu la pili. Saruji na lami yenye rangi haihusiki hapa hata kidogo. Ukikuta jedwali linalomweka Wilding wa 1913 miongoni mwa mabingwa wa saruji, aliyelitengeneza aliishia kwenye jina.

SWALI: Naomba orodha ya washindi wote wa mchezaji mmoja mmoja. (Mwalimu wa michezo, Mombasa)

Wanaume: 1912 Otto Froitzheim wa Ujerumani, 1913 na 1914 Anthony Wilding, 1920 William Laurentz wa Ufaransa, 1921 Bill Tilden wa Marekani, 1922 Henri Cochet wa Ufaransa, 1923 Bill Johnston wa Marekani. Wanawake: 1912 Marguerite Broquedis wa Ufaransa, 1913 Mieken Rieck wa Ujerumani, 1914 Suzanne Lenglen, 1920 Dorothy Holman wa Uingereza, 1921, 1922 na 1923 Lenglen tena.

Ukiisoma orodha hiyo, angalia Wajerumani wanavyotoweka. Fainali ya wanaume ya 1912 ilikuwa ya Wajerumani wawili, Froitzheim na Oscar Kreuzer. Vita vilipozuka 1914 wote wawili walikuwa Marekani wakicheza Kombe la Davis. Meli iliyowarudisha ikasimamishwa Gibraltar na Waingereza wakawazuilia. Vita vilipokwisha Ujerumani ilifungiwa mlango wa mashindano haya, na hadi yanakufa hakurudi hata mmoja. Wilding naye aliuawa vitani Ufaransa Mei 1915. Kwa hiyo mashindano ya 1920 yalirudi bila bingwa yeyote wa wanaume wa kabla ya vita. Ushindi wa Laurentz haupungui thamani kwa hilo, lakini anayelinganisha ugumu wa miaka hiyo ajue nani hakuwepo.

SWALI: Shikamoo wahariri. Kuna ubishi kijiweni kwetu. Mmoja anasema Lenglen ana mataji makubwa 8 ya peke yake, mwingine 12, na mwingine tena 16. Nani mkweli? (Dar es Salaam)

Marahaba. Wote watatu wanaweza kuwa wakweli, na hata watu wawili wanaotaja 12 wanaweza wasiwe wanahesabu kitu kimoja. Ichukueni hesabu hatua kwa hatua.

Anzeni na yasiyobishaniwa. Wimbledon alishinda 1919, 1920, 1921, 1922, 1923 na 1925: hayo ni 6. Ubingwa wa Ufaransa, baada ya kufunguliwa kwa wageni 1925, alishinda 1925 na 1926: hayo ni 2. Jumla 8, na ndiyo hesabu ya Grand Slam inayotumika sana leo.

Kuanzia hapo njia zinagawanyika. Lenglen alishinda pia ubingwa wa Ufaransa wa wanachama tu, ule uliofungwa kwa wageni, mwaka 1920, 1921, 1922 na 1923. Anayeyajumlisha hayo manne anapata 12. Mwingine anayaacha kwa kuwa wageni hawakuruhusiwa, badala yake anaongeza manne ya viwanja vigumu, 1914, 1921, 1922 na 1923, naye anapata 12. Anayebeba yote anafika 16.

Mtego uko kwenye miaka ya 1921, 1922 na 1923, kwa sababu kila mwaka alishinda yote mawili. Mtu akikuonyesha taji la "Ufaransa, 1921", muulize fainali alicheza na nani. Akisema Molla Mallory wa Marekani, 6–2, 6–3, hayo ni ya viwanja vigumu, maana Mallory asingeruhusiwa kwenye yale mengine. Mwaka 1922 jibu ni Elizabeth Ryan, naye Mmarekani, na mahali ni Brussels. Mwaka 1923 ni Kitty McKane wa Uingereza.

Kwa maoni yetu, aliyeongeza ya viwanja vigumu ana hoja nzito kuliko aliyeongeza ya wanachama. Lakini msiyachanganye na Grand Slam kwenye safu moja. Yawekeni kando na mwaka wake.

Mwaka 1914 nao unachanganya. Kwenye ubingwa wa wanachama Lenglen alipoteza fainali kwa Broquedis, 5–7, 6–4, 6–3. Kwenye ubingwa wa dunia mwaka huohuo alimshinda Germaine Golding 6–2, 6–1. Alikuwa na miaka 15, aliyoitimiza tarehe 24 Mei.

SWALI: Ni kweli Bill Tilden hakuwahi kushinda Paris?

Ubingwa wa Ufaransa wa mchezaji mmoja mmoja hakuushinda. Alifika fainali 1927 akafungwa na René Lacoste, seti ya tano ikaisha 11–9; akafika tena 1930 akafungwa na Cochet. Lakini taji kubwa juu ya udongo wa Paris analo: viwanja vigumu, 1921, alipomshinda Mbelgiji Jean Washer 6–3, 6–3, 6–2. Maskini Washer alirudi fainali 1923, akafungwa na Mmarekani mwingine, Johnston, aliyekwenda kushinda na Wimbledon mwaka huohuo.

SWALI: Sasa kama yaliwavuta mabingwa wote hao, kwa nini yaliuawa? (Msomaji, Nairobi)

Kwa sababu ya maneno mawili: "ya Dunia".

Shirikisho la 1913 liliundwa bila Marekani. Wamarekani walikuwa na ubingwa wao mkubwa wa taifa, na hawakukubali kwamba Wimbledon ipewe cheo cha ubingwa wa dunia milele huku wao wakionekana wa mkoa. Tena Kombe la Davis, lililoanza 1900 kwa zawadi ya Mmarekani Dwight Davis, ndilo walilotaka lihesabiwe kilele cha mashindano ya mataifa. Kwa miaka kumi shirikisho la dunia likakaa bila nchi iliyomtoa Tilden. Lilikuwa jambo la kuchekesha kidogo: bingwa wa dunia wa 1921 alitoka nchi isiyo mwanachama.

Suluhu ilipatikana Machi 1923. Marekani iliweka masharti mawili: jina la Ubingwa wa Dunia lifutwe kwenye mashindano yote matatu, na kanuni za tenisi zibaki kwa Kiingereza daima. Yakakubaliwa. Badala yake yakatangazwa mashindano rasmi ya nchi nne, yaani Uingereza, Ufaransa, Marekani na Australia, na huo ndio msingi wa Grand Slam za leo. Paris ilicheza mara ya mwisho chini ya jina la zamani Mei 1923, miezi miwili tu baada ya uamuzi.

Mwaka 1924 Paris ilikuwa na Olimpiki, na tenisi ikachezwa Colombes. Mwaka 1925 Wafaransa wakaufungua ubingwa wao wa taifa kwa wageni, na ukafanyika palepale Saint-Cloud. Lacoste akashinda upande wa wanaume na Lenglen upande wa wanawake. Mwaka 1926 ukaenda klabu ya Racing, 1927 ukarudi Stade Français, na 1928 ukahamia uwanja mpya wa Roland Garros, uliojengwa ili Ufaransa ilitetee nyumbani Kombe la Davis ililoshinda Philadelphia 1927.

Rekodi za Wafaransa huanza kuhesabu 1891. Sisi tunaona mzazi wa mashindano ya leo ya Ufaransa, yaitwayo Roland Garros, ya wageni na mabingwa, ni yale ya 1912, kuliko ubingwa wa wanachama ambao Mwingereza asiye na klabu Ufaransa hakuweza hata kujiandikisha.

SWALI: Mechi zenyewe zilichezwaje? Kulikuwa na taibreki?

Hapana, taibreki, ile gemu maalumu ya kuamua seti iliyofungana, ilianza kutumika mwaka 1970. Seti iliendelea hadi mmoja amzidi mwenzake gemu mbili, ndiyo maana seti ya kwanza ya fainali ya 1920 kati ya Laurentz na André Gobert iliisha 9–7. Wanaume walicheza seti tatu za ushindi kati ya tano, wanawake mbili kati ya tatu. Mipira ilikuwa myeupe na raketi za mbao. Palikuwa pia na wawili wawili na mseto, yaani mwanamume na mwanamke upande mmoja. Wanawake wawili wawili hawakuwemo mwaka wa kwanza.

SWALI: Shule yetu ina eneo tambarare na rundo la matofali ya kuchoma yaliyovunjika. Tunaweza kutengeneza uwanja kama wa Paris? (Mwalimu, Iringa)

Mnaweza, Mwalimu, ila matofali ndiyo sehemu ndogo kuliko zote. Wanaoanza na matofali huishia na uwanja mwekundu unaogeuka tope.

Kata uwanja wa Roland Garros kwa koleo uone. Juu kabisa kuna unga wa matofali wa milimita 1 hadi 2 tu. Chini yake mawe ya chokaa yaliyosagwa, sentimita 6 hadi 7, meupe. Kisha masalia magumu ya makaa ya mawe, sentimita 7 hadi 8. Kisha kokoto kama sentimita 30, na chini mawe makubwa. Jumla ni karibu sentimita 80. Unga mwekundu huleta rangi, huonyesha alama ya mpira na humwezesha mchezaji kuteleza kwa hiari yake. Kazi ya kubeba uzito na kushika unyevu ni ya chokaa.

Fanyeni hesabu kabla ya kuagiza kitu. Mistari ya nje ya wawili wawili ni mita 23.77 kwa 10.97, lakini mchezaji wa udongo hukimbilia nyuma sana, kwa hiyo tengeni mita 36.57 kwa 18.29. Hizo ni kama mita za mraba 669. Unga wa milimita 2 juu ya eneo hilo ni mita za ujazo 1.3 hivi. Chokaa ya sentimita 6 ni mita za ujazo 40 ikiwa imeshindiliwa, hivyo agizeni kama 50, maana hushuka. Pesa yenu itaishia hapo, na kwenye usafiri wake.

Kokoto zinaweza kubadilishwa na changarawe au moramu nzuri iliyoshindiliwa kwa tabaka za sentimita 10, kila moja ikimwagiwa maji na kupitiwa na roli ya kushindilia kabla ya nyingine. Msimwage yote kwa mkupuo. Roli hukaza juu tu, na mvua ya kwanza huacha mabonde. Mpeni uwanja mteremko mdogo wa upande mmoja na mfereji pembeni.

Matofali yapimeni kwanza. Loweka kipande usiku kucha. Asubuhi kikimomonyoka kwa vidole, tofali halikuiva, na unga wake utarudi kuwa udongo. Yaliyoiva vizuri ndiyo ya kusaga. Chekecheni kwa wavu wa matundu ya milimita 2, unga ukiwa na unyevu kidogo, na wanaosaga wafunike pua na mdomo kwa barakoa nzito: vumbi hilo lina silika, nalo huharibu mapafu. Wanafunzi msiwape kazi hiyo.

Kama chokaa haipatikani karibu, kuna njia ya zamani ya Afrika ya mashariki na kusini: udongo wa kichuguu. Unapondwa, unachekechwa, unatandazwa juu ya moramu, unaloweshwa na kushindiliwa. Hushikana vizuri. Kasoro zake ni mbili: kiangazi hupasuka usipomwagiwa maji, na mvua ikinyesha huteleza vibaya hadi ukauke. Unga wa matofali juu yake husaidia, lakini haumalizi tatizo.

SWALI: Klabu yetu ina uwanja wa udongo. Umeanza kuwa na mabaka meupe na watu wanaanguka. Tena mashimo nyuma ya mstari hayazibiki. (Arusha)

Mabaka meupe ni chokaa iliyobaki uchi baada ya unga kupeperushwa. Kiatu kikitoka kwenye unga kikafika hapo hubadilika mshiko ghafla, na mtu huanguka. Nyunyizeni unga mpya kidogo kidogo juu ya unyevu, kisha mpige maji ya manyunyu. Unga mnene kupita milimita 2 nao ni hatari, mguu huondoka wenyewe.

Kinachofanya unga upeperuke ni ukavu. Maji mengi yamwagwe jioni baada ya mchezo yazame usiku, kisha manyunyu mepesi asubuhi na kati ya mechi. Roli ipite udongo ukiwa na unyevu wa ndani. Ukipitisha juu ya maji, hubanduka na roli.

Mashimo hayazibiki kwa sababu mnayajaza unga wa matofali, na unga huo haushikani. Fagieni kilicholegea hadi mfike pagumu, kwaruzeni pawe na meno, lowesheni, jazeni chokaa iliyosagwa au udongo uleule wa chini kwa tabaka nyembamba, shindilieni kila tabaka, na unga uje mwisho. Pumzisheni sehemu hiyo usiku mmoja.

Wavu wa kukokota wa kusawazishia unga uanzie pembeni kwenye uzio, uzunguke kuingia ndani. Anayeanzia katikati hulundika unga nje, na hayo mabaka yenu huenda yalianzia hapo. Mistari ifagiliwe mwisho. Kama ni ya plastiki, kagueni misumari kila wiki: ukanda ukiinuka kidogo tu, mpira hudunda kusikojulikana na kidole cha mguu hunasa.

SWALI: Tukicheza bila mwamuzi, alama ya mpira tunaisomaje?

Kwanza hakikisheni ni alama yenyewe. Hapo ndipo ugomvi mwingi huanzia. Alama ya mpira wa kasi huwa ya mviringo mrefu, ncha ikielekea mpira ulikokwenda. Kama unaona udongo usioguswa kati ya alama na mstari, mpira uko nje. Alama ikigusa mstari popote, uko ndani. Alama ikiwa nusu tu, kana kwamba imekatwa na mstari, nusu nyingine iliangukia kwenye ukanda wenyewe, hivyo ni ndani.

Kila mchezaji huamua upande wake. Ukiita nje na alama ikaonyesha ndani, pointi ni ya mwenzako, hakuna kurudia. Na ukiifuta alama kwa mguu kabla mwenzako hajaridhika, umemkubalia.